Mwaka Niliokaa Badala ya Bibi

Siku ya mwisho ya azaa, yaani matanga, ya Shangazi Salma, pale Ibra, wasichana wa ukoo walijipanga chini ya ile picha kubwa ya rangi za mafuta iliyoko kwenye ukumbi wa wanawake, wakapigana picha za simu. Wengine machozi hayajawakauka. Mmoja wao, mjukuu wa Bi Zuhura wa Sur, aliniambia kwa Kiswahili chake cha kubabaisha, "Bibi, huyu bibi mkubwa nzuri sana, mashallah. Mimi arusi yangu nashona kama yeye, na mshipi." Akanionesha kwenye simu: kanzu ya hariri, suruali ya marinda, na kiunoni mshipi mwekundu uliofungwa fundo la ubavuni, miisho yake inaning'inia mpaka magotini. Fundi wake yuko Nizwa, alisema, na siku hizi anawashonea wengi, wanaita nguo ya Kizinjibari. Nilimwambia mashallah, Mungu ampe kheri. Alinitazama usoni, akaitazama picha, akarudi kwenye simu yake. Hakuona kitu, na simlaumu. Yule mwanamke wa ukutani ni kijana na shingo yake imesimama. Mie nimekula chumvi, na shingo yangu naificha kwa mtandio. Lakini uso ule ni wangu. Na nguo zile, kwa namna zilivyovaliwa pale, hapana mwanamke aliyepata kuzivaa katika ukoo wetu mpaka nilipozivaa mie, ndani ya chumba cha kuwekea tende, mwaka ule nilipopelekwa kumsaidia shangazi.

Nilikuwa nimemaliza skuli nangoja majibu ya chuo. Mama yangu akaamua nikakae Ibra mpaka majibu yatoke, kwa kuwa macho ya Shangazi Salma yanakwenda na watoto wake bado wadogo. Shangazi, dada yake baba yangu, hakuwa hata na miaka thalathini na mitano. Maradhi yake hayakumtia ukungu, yalimbana. Aliona katikati tu, na hiyo katikati ikizidi kupungua, kama mtu anayechungulia chumba kwa tundu la ufunguo. Akimimina chai, ama aliiona birika ama alikiona kikombe, vyote viwili pamoja hakuvipata. Alijifundisha kupika kwa pua na kwa masikio. Mkate wake wa kumimina ulikuwa hauna mpinzani, na mwaka ule ukaanza kutoka umeungua upande mmoja. Tukiula kimya, na mumewe, Ami Khalfan, akiomba kipande cha pili ambacho hakukitaka. Daktari wa Maskati alikwisha mwambia kuwa hana dawa ya kumpa. Kila asubuhi nikimwamkia shikamoo, alinishika kidevu akauzungusha uso wangu mbele ya lile tundu lake. "Marahaba. Leo nakuona nyusi na mdomo," angesema. "Masikio huna." Mwanzoni nilikuwa nikicheka.

Nyumba ilikuwa mpya, ya matofali ya saruji, lakini milango ya ndani ilikuwa mapazia, na nyumba ya mapazia haina siri. Nilikuwa napepeta mchele nilipowasikia.

"Salma, watu watasema," Ami Khalfan alikuwa akisema kwa ile sauti yake ya ofisini, ya upole. "Picha ya mtu, tena mwanamke, tena keshakufa."

"Watu wanasema hata bila picha."

"Na dini jee?"

"Itatundikwa kwa wanawake, hapana atayesali kuielekea. Khalfan, mie sikuombi dhahabu. Nataka nimuone mama kabla sijapofuka. Nshapofuka tena, hata mkinletea mwenyewe kutoka peponi, itanfaa nini?"

Ami Khalfan akamuuliza, "Kwani ushamsahau kabisa?"

"Nakumbuka kila kitu," alisema shangazi. "Kasoro uso."

Ungo ulinibaki mkononi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikujua kama jambo hilo linawezekana, mtu kuusahau uso wa mamake. Leo najua linawezekana sana. Shangazi alikuwa na miaka sita walipoachana. Picha haikuwapo, babu hakuruhusu wanawake wake wapigwe picha, na kama ilikuwako moja ya kuibia, ilibaki Unguja kwenye nyumba iliyovunjwa mlango wakati wa mapinduzi. Bibi mwenyewe, Bibi Rukia, alibaki huko huko na hakuonekana tena, si hai wala maiti. Baba yangu, kaka wa shangazi, yeye alikuwa mtu mzima, na angeweza kuusema uso ule nukta kwa nukta, lakini wakati ule alikuwa Misri anasoma, na mwaka ninaousimulia alikuwa keshatangulia mbele ya haki. Alichotuachia ni neno moja. Nilipozaliwa alinifunua akasema, "Huyu mama mtupu." Juu ya neno hilo ndipo kila kitu kilipojengwa. Shangazi alimpigia simu dada yake Zuhura, aliyeolewa Sur kwa watu wa majahazi na biashara, na Bi Zuhura akasema naam, kaka alisema hivyo, basi mkalisheni Thureya. Hakuna aliyekumbuka kwamba baba alikuwa mtu wa maneno matamu, na kwamba mama yangu naye alimwambia kafanana na mwezi.

Nguo tulizishona wenyewe. Jumatano shangazi alinishika mkono tukaenda kwenye soko la wanawake, lile ambalo mwanamme haingii, akawa anapita baina ya vitambaa kwa vidole. Wauzaji walimjua, wakimpa kona za vitambaa mkononi kama wanampa mtoto kitu kitamu. Hariri aliipata, rangi ya zabibu mbivu. Nyumbani alikata yeye kwa kupapasa na mie nikashona kwa cherehani, na kila jioni alimpigia Bi Zuhura wakabishana. Marinda ya suruali yalikuwa mangapi, yalianzia gotini au chini ya goti. Ukaya wa kichwani ulikuwa mweusi au wa buluu. Barakoa aivae au asiivae. Hapo Bi Zuhura alicheka simuni mpaka nikamsikia, akasema mtu anachoreshwa uso halafu mnamtia barakoa, si bora mchore pazia. Nilishangaa jinsi wanavyozikumbuka nguo. Ukingo wa kanzu, uzi wa fedha, kifungo kilichokatika kikashonewa chengine kisichofanana, vyote vilikuwako. Kitu kimoja tu shangazi hakumuuliza dada yake, kwa sababu hakuwa na shaka nacho. Huo ulikuwa ule mshipi.

Mshipi haukushonwa, ulikuwako. Aliutoa sandukuni umeviringwa kwenye kitambaa cheupe, wa hariri nzito, rangi ya damu ya mzee, na miisho yake imetiwa nyuzi za dhahabu. Ndicho kitu pekee kilichovuka bahari. Alinisimulia tukiwa tumekaa chini tunachambua mbaazi. Siku walipotoka nyumbani kukimbilia bandarini, mama yao aliufunga ule mshipi kiunoni mwake juu ya kanzu, na mwisho mmoja akamshikisha Zuhura na mwengine Salma, akawaambia mtu asiachie hata akiona nini. Wakaenda hivyo, watu wanakimbia huku na huku. Bandarini akaufungua, akawafunga wao wawili pamoja kiuno kwa kiuno, fundo la ubavuni, akawatia mikononi mwa mwanamke jirani aliyepata nafasi, akasema anarudi kumtafuta baba yao. "Njia nzima nlikuwa nautazama huu mshipi," shangazi alisema. "Unavyokaa kiunoni kwake. Nna hakika nao kuliko jina langu." Aliposema hivyo uso ulimchangamka. Nami nikafurahi kwa ajili yake, kwamba angalau ana kitu.

Mchoraji alikuwa Ustadha Nahla, Mmisri, aliyekuwa akisomesha uchoraji kwenye skuli ya wasichana. Kiarabu chake nakitia Kiswahili hapa. Alikuwa mwanamke mnene mwenye pumzi fupi, anapenda kula, na akija kwetu alikula kwanza ndipo akafungua rangi. Siku ya mwanzo alileta kitabu kizito cha picha za mabibi wa zamani, wa Ulaya na wa Uturuki, akanikalisha ubavuni pake akiwa na kitumbua mkononi, na kila ukurasa akaniuliza nini nimekiona mwanzo. Kila mara nilijibu mshipi. Palikuwa na msichana wa nguo nyeupe aliyefungwa utepe mpana wa buluu chini ya maziwa. Palikuwa na malkia mzee aliyevishwa mshipi wa heshima kutoka begani mpaka nyongani, na nyota juu yake. Palikuwa na bibi mmoja amejilaza kwenye mito, nyonga zimezungushiwa kitambaa cha mistari, fundo limelegea kwa makusudi. "Huyo hajapata kuiona Uturuki," Ustadha alisema. "Nguo ni za sanduku la mchoraji. Ilikuwa fasheni, mabibi walitaka kuchorwa hivyo. Usiamini nguo kwenye picha, binti." Akanieleza pia kuwa bibi mwenyewe alikuja mara chache tu kwa ajili ya uso, akaenda zake. Nguo ikabaki. Akavishwa mjakazi, au sanamu la mbao, na mchoraji akakaa na mikunjo ya kitambaa wiki baada ya wiki. "Ndiyo maana vitambaa vyao vimekamilika na nyuso nyengine zimefanywa kwa haraka," alisema, akajifuta sukari mdomoni. "Wewe utanifanyia kazi zote mbili. Utakuwa uso na utakuwa sanamu la mbao." Nilicheka naye, kwa kuwa wakati ule niliona ni sifa.

Tulifanyia kazi kwenye chumba cha tende kwa sababu mlango wake unaelekea kaskazini na mwangaza hautembei. Magunia yalipangwa juu ya sakafu yenye mifereji, na asali ya tende ikitiririka polepole mpaka kwenye mtungi uliochimbiwa pembeni. Harufu ya asali na ya tapentaini zilichanganyika mpaka leo sili tende nisikumbuke rangi. Nilikaa kwenye kiti cha msaji, mkono mmoja juu ya paja, mkono mwengine kwenye fundo la mshipi, nguo za mwanamke aliyekufa zikinibana makwapani. Nilikatazwa kucheka. Nilikatazwa kunenepa, Ustadha aliyekuwa akimaliza sahani nzima ya sambusa alinihesabia zangu. Shangazi alikuja kila baada ya sala ya adhuhuri, akasimama karibu kabisa na turubai, akalipitisha tundu lake juu yake kipande kwa kipande. Kwanza upindo. Kisha marinda. Kwenye mshipi alikaa muda mrefu, na hapo alisema tu, "Ehe. Ehe." Uso ulipoanza kutokea aliusogelea, akarudi nyuma, akausogelea tena, kisha akageuka kunitazama mie, kisha picha. "Mfanye mkubwa kidogo," alimwambia Ustadha. "Huyu mtoto. Mama alikuwa keshazaa watatu." Ustadha akanitia uzito chini ya macho na kwenye pembe za mdomo. Nilipoiona jioni ile nilimuona mtu ambaye ningekuwa, naye tayari keshapewa jina la mwengine.

Nakumbuka namna nyumba ilivyobadilika. Shangazi alianza kuimba jikoni. Ami Khalfan, aliyekuwa na wasiwasi wa majirani, akaja siku moja mlangoni, akaangalia kwa jicho la pembeni, akauliza kama kuna kitu kinahitajika kutoka Maskati. Jirani mmoja wa ukuta kwa ukuta alisusa kahawa yetu kwa sababu ya picha, akarudi alipoona halwa inapita kwenda kwa wengine. Hata mie nilikuwa na furaha, lazima niseme. Baba hakunipa wakati wa kutosha wa kumpenda, na sasa nilikuwa nimepewa kazi katika ukoo wake ambayo hapana mwengine angeweza kuifanya. Macho ya shangazi yalizidi kubana. Asubuhi sasa aliniambia, "Leo una jicho moja," na nilikuwa najua tunashindana mbio, Ustadha na hayo maradhi, na nilikuwa naomba Mungu tutangulie sisi.

Bi Zuhura alikuja picha ilipokuwa inakaribia kwisha. Alitoka Sur na gari imejaa samaki, nguru wa kuchoma na papa mkavu, na sauti yake ikatangulia kabla ya yeye kushuka. Alikuwa mkubwa kwa miaka mitatu tu lakini alijichukulia umama wa ndugu yake tangu siku ile ya bandarini. Alimfokea, akamfunga vizuri mtandio, akamlisha kwa mkono wake. Tulikula mchuzi wa papa na wali mpaka tukashindwa kuinuka. Mie nikaambiwa nikavae, ili dada mkubwa aone kitu kamili, picha na aliyechorwa ubavu kwa ubavu. Nikavaa, nikakaa kwenye kiti changu. Ustadha akasimama nyuma ya picha anapangusa mikono. Wakaingia wameshikana.

Bi Zuhura alianza vizuri. Akaisifu hariri, akahesabu marinda, akasema wallahi kifungo kile kile. Kisha macho yake yakafika kiunoni, yakasimama.

"Na huu?" akauliza.

"Ukumbuu wake," shangazi akasema. "Nimeutunza. Weye si uliniachia mie?"

"Salma, haya mahazamu ya baba."

Shangazi akacheka kidogo. "Ya baba vipi?"

"Ya baba. Aliyafungia jambia yake sikukuu na arusi. Yalikuwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Nlimuona mama akiyatoa pale siku ile ile, hakuwa na kamba nyengine. Mama hajapata kufunga mahazamu, mwanamke gani anafunga mahazamu ya mwanamme? Siku moja tu, saa moja, kwa ajili ya kutuvuta sisi."

Mie mkono wangu ulikuwa bado kwenye fundo. Shangazi alisimama ameelekea turubai, lakini sikujua tundu lake liko wapi.

"Mie nauona kiunoni kwake kila siku," akasema taratibu. "Kila siku ya udogo wangu. Jikoni, uwani."

"Unaiona siku moja, dada yangu. Umeitandaza."

"Basi uso?" shangazi akauliza. "Uso jee, Zuhura? Huu wake?"

Bi Zuhura akanitazama, akaitazama picha. Alikuwa mtu asiyejua kusema uongo, na watu wa namna hiyo wana adha yake. "Huu wa Thureya," alisema. "Mzuri. Lakini wa Thureya."

"Haya nambie wake. Ustadha yupo, rangi zipo. Nambie, atengeneze. Macho yangu bado yapo kidogo."

"Alikuwa mweupe," Bi Zuhura akaanza. "La, si mweupe. Maji ya kunde. Na macho yake... Mkononi alikuwa na kovu la moto, hapa, la mafuta ya maandazi. Kucha zake fupi. Akicheka alijipiga paja." Aliinua mkono kama anataka kulionesha hewani kitu kilichokuwa usawa wa uso wake, mkono ukabaki hapo. "Pua yake..." Nilimuona akiitafuta. Nilimuona yule mwanamke mwenye sauti, aliyesahihisha kila rinda na kila uzi, akiingia ndani ya kichwa chake na kukikuta chumba kitupu. Mpaka dakika ile alikuwa akidhani anao. Hakuwa amepata kuombwa autoe. Akakaa juu ya gunia la tende, akafunika mdomo kwa leso. "Sina," akasema. "Ya Rabbi, na mie sina."

Shangazi hakulia. Alisema jambo ambalo nimekwenda nalo maisha yangu yote, na alilisema kama mtu anayejibu swali la hesabu. "Nlikuwa mfupi. Kichwa changu kilifika pale. Ule mshipi ndio uliokuwa mbele ya macho yangu. Ningeinua kichwa mara moja tu." Ustadha, ambaye hakufahamu Kiswahili lakini alifahamu kila kitu, aliuliza kwa Kiarabu kama aufute mshipi, ni kazi ya siku mbili tatu. Shangazi akamwambia auache. "Nguo za fundi, uso wa kuazima," alisema. "Huo mshipi ndio nliouona kwa macho yangu. Uache."

Bi Zuhura alirudi Sur asubuhi yake, na ile sauti ikarudi naye. Nafikiri hawakulizungumza tena, wala kwa simu. Alikufa miaka mingi kabla ya mdogo wake, na kila alipokuja Ibra kwenye arusi au msiba alikaa ameipa picha mgongo. Picha ilitundikwa. Ningependa kusema kwamba shangazi aliichukia, ingekuwa rahisi kwetu sote. Lakini yalikuwa yamebaki macho machache, na binadamu hawezi kuyatumia macho yake ya mwisho kutazama ukuta mtupu. Alivuta kiti, akakaa mbele yake kutwa. Mwanzo alikuwa anatazama mshipi. Baada ya kitambo nilimuona amepandisha kichwa, anafanya sasa kile ambacho hakukifanya bandarini, na uso alioukuta huko juu ulikuwa wangu. Akauzoea. Akaanza kuuambia mambo kwa sauti ya chini, ya watoto, ya mumewe, ya mchuzi kuzidi chumvi. Akauita mama. Nilipomletea chai alinyosha mkono bila ya kugeuka, "Weka hapo, mwanangu." Nilimuonea wivu mwanamke wa kitambaani, na nikamuogopa, na usiulize vipi mtu huonea wivu sura yake mwenyewe. Mara moja nilisimama makusudi baina yake na picha. Akaniambia kwa upole nimpishe, namzuilia.

Majibu ya chuo yalitoka, nikaondoka. Asubuhi ya kuondoka kwangu hakunishika kidevu. Tundu lilikuwa limekwisha fumba siku chache kabla, akiwa kwenye kiti kile kile. Kitu cha mwisho alichokiona duniani ni uso wangu, na hakujua kuwa ni wangu, au alijua akaamua kusahau. Nimesomesha miaka mingi Nizwa, nimezaa, nimezika mume. Watu husema kusahau ni rehema. Mie nimekiona kisahau kikifanya kazi, kinachukua mtu mzima mzima na kuacha nguo, na nguo nazo tunamvika aliye karibu. Sina neno jema la kusema juu yake.

Mwaka huu, kabla ya kufa kwake, Shangazi Salma alipigwa na kiharusi. Akili ikamrudi udogoni. Alikuwa akiita mama kutwa kucha, hali, hanywi, anaita tu. Binti yake akanipigia simu analia. "Dada Thureya, njoo wewe. Si wewe ndiye unayefanana naye? Akikugusa labda atatulia." Nilitoka nyumbani mara ile ile, nikaipita Firq na magereji yake, nikaendesha mpaka Ibra nikiwa nimekwisha amua. Akiita mama, nitaitika. Nilijiambia uongo wa namna ile Mungu ataupokea, na kwamba hatimaye uso huu utafanya kazi yake.

Alikuwa kitandani, mdogo kuliko nilivyomuacha. Alikuwa akiita. Nikakaa ukingoni, nikasema, "Labeka. Nipo, mwanangu."

Akanyamaza. Uso wake ukafunguka namna ambayo sijapata kuiona kwa mtu mzima, akainua mikono yote miwili nami nikauinamisha uso wangu ndani yake. Vidole vyake vilianza kwenye paji, vikapita kwenye nyusi, vikashuka mashavuni. Vikaingia kwenye mikunjo ya mdomo. Vikafika chini ya kidevu, penye ngozi iliyolegea, vikasimama hapo, vikarudi juu, vikashuka tena.

"Siye huyu," akasema. "Huyu mtu mzima. Mama angu kijana."

"Ni mie," nikamwambia. Sikujua tena niseme mie nani.

"Siye. Mtoeni." Akanisukuma, bila ya nguvu lakini kwa adabu, kama anavyosukumwa mgeni aliyekosea nyumba. "Namngoja mama."

Binti yake akanishika kiwiko akanipeleka jikoni, akanimiminia chai, akaomba radhi kwa niaba ya mgonjwa. Nilimwambia hapana kitu. Kutoka chumbani nikamsikia anaita tena, na safari hii hatukuwa na mtu mwengine wa kumpelekea.